Sentimita ya Kwanza

…na moja iko wapi, kwenye rula mbili ipo, tatu ipo, nne ipo na doa lake la wino, lakini moja imefunikwa na kibao cha kichwani, pale samaki anapogusishwa pua kabla ya kupimwa, na kutoka kibaoni hadi kwenye mbili hakuna sentimita mbili, ni moja tu, moja kavu, "ishirini na nne," akasema fundi wa maabara akiunyoosha mkia wa changu kwa kidole gumba, "andika, daktari," naye daktari kalamu ameishika, fomu iko mbele yake, mstari wa arobaini na moja, lakini mkono hautaki… ishirini na tatu, huyu ni ishirini na tatu, na wale arobaini waliomtangulia, na wa mwezi jana, na wa mwaka jana, wote tangu ubao wa zamani wa kupimia ulipopasuka, mwezi ule ule ghuba ilipofungwa isivuliwe, na Mzee Milimita, ndivyo kituo kizima kinavyomwita fundi huyu kwa sababu hakubali mtu aseme "kama ishirini na nne hivi", hivi ndiyo nini, huuliza, samaki ana hivi?, akaenda kuchonga mwingine kwake, kwa randa yake, kwa mbao za meza waliyoandikia wanawe kazi za shule, akauleta umefungwa kwenye shuka kama mtoto mchanga, na yeye, daktari, akatia alama ya vema, chombo kimekaguliwa, sahihi, tarehe, bila hata kuugusa, maana siku ile mwanawe alikuwa na homa na shuleni walishapiga simu mara mbili… changu hatagi kabla ya kufika ishirini na nne, kwa hiyo hawa aliowaandika watu wazima ni watoto, ghuba nzima ya watoto, na ripoti iko mezani kwa mkurugenzi, ukurasa wa pili, sentensi aliyoipenda kuliko zote alizowahi kuandika, tangu ghuba ifungwe samaki wamerefuka kwa wastani wa sentimita moja, Mungu wangu, moja, si zaidi wala pungufu, ilikuwaje isimshtue, mtu akilitaka jambo huyafumba macho mwenyewe kisha akaapa ni usingizi… saa sita mkurugenzi anasaini ghuba ifunguliwe, saa ya ukutani inasema zimebaki dakika ishirini, Jumatatu wavuvi wanaingia, na mdogo wake jana kwenye simu, "dada, nyavu ziko tayari, huku wanasema wewe ndiye uliyetufungulia," akicheka, miaka miwili hajacheka hivyo, miaka miwili akivua nyuma ya rasi kwenye mawimbi yaliyomvunja mkono, amwambie nini, zirudishe, dada yako hajui kusoma rula?… "daktari, iliyolala ni kalamu au ni wewe?", "nakusikia, mzee," lakini hasikii, nani atajua, hakuna atakayejua, patasi kidogo, gundi kidogo, kesho wanaanza kupima sawasawa, na samaki wakionekana wamefupika watasema ni joto la bahari, joto la bahari hubeba lawama za kila mtu wala halilalamiki… ila Jumatatu nyavu zitazoa wasiowahi kutaga, na miaka miwili mitatu baadaye mdogo wake atazivuta zina mwani mtupu, asijue amlaumu nani, na baya zaidi ni hilo, ataendelea kumpigia simu amsimulie shida zake, aendelee kumwita dada… mficha uchi hazai, mama alikuwa akisema akiwaogesha, na wao wakidhani ni habari za kuoga… na huyu mzee aliyebakiza miezi miwili astaafu, aliyeuliza Ijumaa kama ubao wake utabaki kituoni, amwambieje, vipimo hakukosea hata kimoja, alikosea pa kuanzia tu, gundi ilitaka mahali pa kushika akaipa sentimita ya kwanza, na aliyepaswa kuangalia ni nani… ubao wako, mzee, una… hapana… "ishirini na nne," akarudia mzee, polepole sasa, kama anayemsomea mtoto imla, kidole bado kipo mkiani, maji ya barafu yanadondoka ukingoni mwa meza, zimebaki kumi na saba, na mstari wa arobaini na moja bado mweupe, na yeye anajua hatauandika, anachotafuta ni neno la kuanzia tu, lisimwangushe mzee peke yake, na hilo limekuja, liko mdomoni, si ubao wako, mzee, ubao wetu, ubao wetu una…