Maneno ya Mwatime

Desmond Arkwell alikuwa mtunzi wa tamthilia za televisheni, na Uingereza nzima ilimsifu kwa sikio lake. Mkewe Mwatime, mzaliwa wa Likoni, alijua kuwa lilikuwa sikio la mdukuzi tu. Desmond alipomposa alisilimu, akaitwa Abdulhafidh. Jina hilo alilivaa siku ya nikaha, akalivua kabla biriani haijapoa. Alichokithamini kwa mkewe ni maneno yake. Waligombana juu ya chumvi, na baada ya miezi ugomvi ule ule ulitamkwa na mwigizaji wa London, Desmond akipigiwa makofi. Mtu huyo hakuwahi kutunga hata salamu.

Dharau ilimwingia Mwatime polepole, kama maziwa yanavyoganda. Akaacha kugombana naye. Akiulizwa, hujibu ndiyo au la, basi. Tangu hapo Desmond hakuandika kitu kilichopata kuonyeshwa. Televisheni zikamsahau, chuo kimoja cha Houston, Marekani, kikamwita kufundisha, wakahamia Stafford, mji wa jirani. Huko Desmond alishinda akimchokoza: mara wali umeungua, mara ndugu zake wanapiga simu mno. Mwatime alimtazama kama mtu anavyomtazama paka anayelilia samaki, akaendelea kukunja nguo.

Kisha Dallas wakamwalika Desmond kwenye tamasha la kumuenzi. Mwatime alikwenda kwa sababu mdogo wake, Yumna, muuguzi, anaishi DeSoto, karibu na Dallas, na alitaka kumwona.

Ukumbini ikaonyeshwa tamthilia iliyompa Desmond jina. Ndani yake mwanamke wa pwani anapata habari kuwa mamake amefariki, naye yuko ugenini, hawezi kwenda kumzika. Anazungumza na viatu alivyomnunulia marehemu. Watu wakacheka, maana mwigizaji alikuwa amefundishwa kuchekesha. Mwatime hakucheka. Viatu vile alivinunua yeye, akavililia yeye, Desmond akiwa amesimama nyuma ya mlango.

Taa zilipowashwa, mwanafunzi mmoja, Onyancha, akauliza maneno yale mazuri yalitoka wapi.

"Nimeyabuni," alisema Desmond. "Yule mwanamke hayupo."

Wizi Mwatime alikuwa ameuzoea. Hilo hakulitarajia. Akasimama.

"Yupo. Nilikuwa namlilia mama yangu, na huyu alisimama mlangoni akinisikiliza. Hakuingia hata kunishika mkono."

Desmond akatabasamu, akawaambia watu kwamba hivyo ndivyo mazungumzo ya tamthilia yanavyopaswa kuwa. Wakapiga makofi, wakidhani ni mzaha wa mtu na mkewe. Onyancha peke yake alitazama chini.

Mwatime alichukua mkoba wake, akatoka, akampigia Yumna.

"Nisha-park nje, dada," Yumna alisema punde. Hakumuuliza kitu mpaka walipofika DeSoto, na Mwatime hakurudi tena Stafford.

Baada ya wiki chache Desmond alipiga simu. Hakuuliza hali. Alisema anaandika tena, habari ya mwanamke anayemwacha mumewe, ila amekwama: alipotoka ukumbini, alikuwa anahisi nini hasa? Aliuliza kwa upole, kama mgeni anayeomba maji.

Mwatime alikuwa na ya kusema, tena mengi, na ya moto. Akayameza.

"Buni," alisema.

Akakata simu, akaingia jikoni kubishana na Yumna juu ya bizari ya pilau, kwa sauti ambayo majirani walianza kuizoea.