Mbao Zisikauke

Mringaringa wetu uliangushwa na upepo wa masika, ukalalia migomba na kahawa. Fundi Fanuel wa Olasiti akaja na msumeno wa mnyororo, tukapatana kama wanavyopatana watu hapa mlimani: aupasue, nusu ya mbao ziwe zake, nusu zangu. Zingekaukia kwangu, kivulini nyuma ya jiko, maana kwake jua ni kali na zingepasuka.

Alizipanga juu ya mawe, kila ubao na fito chini yake ili upepo upite. Ncha akazipaka rangi. "Nitakuwa nakuja Jumamosi kuzigeuza, Mama Anna," akasema. "Zikikauka naleta gari."

Basi mimi, mjane mwenye akili timamu, mwimba sauti ya pili kwaya ya kanisani, nikaanza kuishi kwa ajili ya Jumamosi. Nampikia loshoro, nakaa kigodani, natazama mikono yake ikipapasa zile mbao polepole. Nilimtamani mtu yule mpaka kifua kikauma. Anagonga ubao kwa kidole, anasikiliza, anasema, "Bado." Mimi moyoni, amina! Jirani yangu Evaresta, asiyejua kunyamaza, akanicheka: "Mapenzi kikohozi, mwenzangu, hayafichiki."

Mwaka ukazunguka. Jumamosi moja Fanuel aligonga, akatabasamu. "Wiki ijayo nakuja na gari."

Nilikasirika kama mtu aliyetukanwa. Wiki ile nzima, kila nikimaliza kunywesha ng'ombe, ndoo ya mwisho nilizimwagia mbao.

Akaja na pikapu. Akapapasa ubao wa juu, akatazama mbingu, nyeupe, hakuna wingu.

"Mama Anna, huku mvua imenyesha?"

"Nimezimwagia maji mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu zikikauka hutakuja tena. Na mimi nataka uje."

Nilisema hivyo hivyo, mkono kiunoni, utadhani namfokea. Fanuel akainamisha kichwa, akafuta kiganja kwenye suruali.

"Nina mke kule Olasiti," akasema. "Ilinipasa nikuambie mapema."

"Sikukuuliza."

Kweli sikumuuliza. Mwaka mzima niliuliza habari za misumari, za bei ya gundi, za magoti ya mama yake. Hilo moja nililikwepa, maana nilipenda kutojua.

Tukazipangua pamoja. Zilizolowa zilikuwa za juu tu. Za chini zilikuwa zimekauka vizuri sana. Nikamwambia achukue hizo kavu, maji nilimwaga mwenyewe. Alikataa, nikamkaripia, akapakia.

"Hizi zako nani atakugeuzia?" akauliza.

"Nina mikono."

Akafunga kamba, akaikaza, akaaga kwa heshima zote, akaingia garini. Pikapu lile mlima mzima unalijua, ni bovu, kila mara huwa linasukumwa na vijana. Nilisimama mlangoni nikimwomba Mungu, mimi mwanakwaya, ligome.

Likawaka mara moja.