Makasi Mbele ya Durga

Siku hiyo taxi za Pinetown ziligoma, Atupele akafika kazini Greyville saa nne, jasho likimtiririka. Kuchelewa kulimtia hofu. Mama Moodley, Mhindi mwenye duka la ushonaji, alishasema kazi imepungua, mwezi ukiisha atabaki na fundi mmoja tu: ama yeye, ama Huguette yule Mkongo.

Alikuta chumba cha kushonea kinanukia ubani. Meza ya kukatia ilitandikwa kitambaa chekundu, na chini ya picha ya mungu wa kike mwenye mikono kumi, aliyepanda simba, vilipangwa vyombo vyote vya kazi: futi, subana, chaki, na yale makasi makubwa ya marehemu Bwana Moodley. Kila kimoja kilitiwa nukta ya manjano na nyingine nyekundu. Pembeni palikuwa na kitabu kilichofungwa kwa hariri. Atupele hakushangaa. Kwao Rungwe mchungaji huombea majembe kanisani, na siku hiyohiyo watu huenda nayo shambani.

Huguette alikuwa na pini nne mdomoni, anashona kwa mkono vifungo vya blauzi ya bibi harusi. Atupele humwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, umechelewa! Mama ameenda kutafuta maua. Anasema hii blauzi iishe mbele arudi. Tutumike makasi."

"Makasi haya?"

"Makasi, yaya, makasi sana!" Hata kichwa hakuinua.

Basi Atupele akayachukua, akayafuta rangi kwa upindo wa kanga, akapunguza mikono ya blauzi iliyozidi nusu inchi. Ndipo Mama Moodley akaingia, maua kifuani. Maua yakaanguka.

"Eish, wewe! Unajua umefanya nini?" "Miungu walimpa Durga silaha zao, mmoja mkuki wa meno matatu, mwingine sahani ya makali, mwingine radi, akamuua jini nyati. Vita vilipoisha silaha zikawekwa chini, zikaheshimiwa. Leo ndiyo siku yenyewe. Leo silaha zetu zinalala, sindano moja tu niliiacha nje kwa blauzi ya bibi harusi, na kitabu hakifunguliwi. Asubuhi nilieleza!"

"Sikuwepo, Mama," Atupele alisema kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. "Huguette ndiye kaniambia nitumie makasi."

Huguette akatema pini kiganjani, moja moja. Atupele aliyaona macho yake, akajua kwamba mwenzake ameshaelewa neno lilipopotelea.

"Huguette, ulimwambia hivyo?"

"Hapana, Mama. Nilimwambia tufanye kazi kwa bidii. Vyombo vyako sikuvitaja."

Mama Moodley hakuuliza tena. Alimtupia Atupele mkoba wake, akamwambia mwezi wake umeishia leo. Atupele alipoinama amwokotee maua, yule bibi akamsukuma kwa mguu.

"Usiguse kitu changu!"

Huguette alimfuata mpaka mlangoni, kama anamsindikiza mgeni.

"Mdogo wangu, kwenu makasi ni nini?" Atupele aliuliza.

"Ni nguvu, yaya. Kutumika makasi ni kufanya kazi kwa nguvu. Hata mtoto wa Bukavu anajua."

"Sasa si ungemweleza? Neno moja tu!"

Huguette alimweka sawa kanga begani, taratibu, kama mtu anayempenda mwenzake.

"Ningemweleza, halafu mwisho wa mwezi angetoka nani?"

Akarudisha mlango, akatia komeo. Kutoka ndani sauti yake ilisikika, laini kama mafuta:

"Pole, Mama. Lete hayo makasi, nikuoshee."