Majina Juu ya Milango

“Tulikataa vita, Mama Celine. Hatukukataa milango.”

Willis alisema hayo mara ya tatu tangu asubuhi, huku akifunga kitasa cha mlango wa mwisho. Mbinya, mkewe, akamjibu kwamba mtu akikataa hadharani kuchimba kaburi, halafu akatokea mazishini kuuza jeneza, hatofautiani sana na mchimbaji. Willis akauliza kama afadhali jeneza liuzwe na aliyeua. Mbinya akamwambia kitasa kimekaa upande.

Karakana yao ya useremala ilikuwa mtaa wa Lucky Summer, nyuma ya kanisa. Vita vilipoanza katika nchi moja ya ng'ambo, serikali yao ilisimama mbele ya mataifa ikavipinga. Mbinya naye aliwakusanya akina mama wa kanisa wakatia saini barua ya kuvipinga. Jina lake lilikuwa la kwanza. Sasa vita vilikuwa vimekwisha, na nchi zilizovipinga zikapewa fungu lao katika ujenzi mpya. Fungu la karakana lilikuwa milango mia mbili na kumi na miwili.

Tatizo lilikuwa penseli. Marehemu Matheka, babake Mbinya, mchonga vinyago, alimfundisha kwamba kazi haitoki karakanani bila jina la mwenyewe. Hata diploma ya useremala haikumtoa tabia hiyo. Kila mlango aliuandikia jina la mteja kwenye ukingo wa juu, mahali ambapo hakuna atakayetazama. Lakini oda hii ilikuja na namba tu. Mbinya akaiacha milango bila majina, na kuanzia Jumatatu wenye milango wakaanza kuja.

Walibisha kutoka upande wa pili wa milango iliyoegemezwa ukutani. Hodi. Karibu. Mlango ulifunguka, mtu akaingia na vumbi la plasta kichwani, akataja jina lake, akangoja liandikwe. Nyuma yake kulikuwa na ukuta wa mabati tu. Willis alilalamika kwamba wanaharibu vanishi mbichi. Mbinya akawawekea kitambaa cha kujifutia.

Saa tisa alasiri lori lilifika, pamoja na Oketch, wakala wa oda. Wakati huo mwanamke aitwaye Batulo, wa mwisho kuja, alikuwa ameketi kwenye kigoda akinywa chai.

“Andika na Nuh,” alimwambia Mbinya. “Mume wangu. Yeye ndiye aliyetangulia kuufikia mlango wetu wa zamani siku jengo lilipoanguka, ukakwama.”

“Huu haukwami.”

“Najua. Nimeupitia.”

Batulo akataka kujua ni nani atakayekuwa akiufungua. Mbinya akamuuliza Oketch. Oketch akapekua karatasi zake, akasema nyumba zote zimekwisha kununuliwa, nusu na watu wa nchi zilizopigana, nusu na watu wa nchi zilizokataa. Wenyeji walipewa miezi mitatu ya kutuma maombi. Wa jengo la milango hii hawakutuma.

“Wamekufa,” Mbinya alisema.

“Ndiyo sababu, madam.”

Oketch alimsalimia Batulo kwa heshima, akamwomba asogeze kigoda kidogo, lori lipate kurudi nyuma.

Mbinya alimtazama Willis. Willis hakuwa na mzaha tena. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wakikataa wao, kazi itapelekwa karakana nyingine kabla jua halijazama, na huko hawataandika majina.

Dereva alitoa kichwa dirishani. “Mathe, tunapakia ama tusepe?”

Mbinya alipanda juu ya stuli. Kwenye ukingo wa mlango wa mwisho aliandika Nuh, halafu Batulo, herufi kubwa, akakandamiza penseli mpaka mbao ikabonyea. Akashuka.

“Pakieni.”

Wakapakia. Batulo aliweka kikombe chini, akashika mlango wake upande wa chini, kwa sababu ulikuwa mzito na Willis ana mgongo mbaya. Ulipolala juu ya mingine alijifuta vumbi mikononi, akapanda, akaketi juu yake.

Oketch alimpa Mbinya karatasi ya kukabidhi mzigo. Mbinya akaiegemeza kwenye paja, akaanza kuandika jina lake.

“Si kwa penseli, madam,” Oketch alisema. “Inafutika.”

Akampa kalamu ya wino. Mbinya akatia saini.