Radi ya Nyamburi

Alhamisi saa tisa alasiri, Eufrasia alikuwa akigeuza dagaa wake juu ya nyavu kuukuu, huko Kiriba, radi ilipoanza kunguruma juu ya bati la jirani yake Nyamburi. Jua lilikuwa kali. Hakuna aliyekimbilia kuanua dagaa, maana radi ile haikuwa na mvua. Ilikuwa ghadhabu ya Mungu, na ilihusu nyumba moja tu.

Nyamburi alitoka akifuta mikono kwa kanga, akafikiri kidogo, kisha akaenda kumwomba radhi mama mkwe wake kwa jibu la mkato alilomjibu asubuhi. Radi ikanyamaza. Akarudi barazani kupepeta mtama.

Hivyo ndivyo alivyoishi. Akimpunja mteja kisado cha mtama, bati lilitetemeka, naye akamfuata mteja njiani na kumjazia. Hata kuku wa majirani walikuwa hawashtuki tena.

Eufrasia hakuwahi kungurumiwa. Miaka miwili nyuma alimwambia mchungaji kwamba amemwona Nyamburi akitoka chumbani kwa mwenye mtumbwi. Hakuwa ameona kitu. Ila kila Nyamburi alipoanzisha wimbo, kwaya nzima ilimfuata kama ndama wamfuatavyo mama yao, naye Eufrasia alisimama mstari wa pili akijisikia jiwe. Nyamburi akatengwa na kanisa. Mumewe akahamia Bunda, hajarudi. Eufrasia akapewa kwaya.

Siku ile ya uongo wake aliongeza misumari kwenye bati lake, akasubiri. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Kimya. Mwanzoni alimshukuru Mungu. Kisha mwinjilisti mmoja wa Bugwema akasema katika mahubiri, kwa kupita tu, "Mzazi hachapi mtoto wa jirani." Tangu hapo alijiuliza yeye ni mtoto wa nani.

Akaanza kujaribu. Alimtukana mvuvi mzee. Alipika mahindi ya sadaka, akala. Mbingu haikukohoa. Na kila bati la jirani liliponguruma, wivu ulimchoma kama mwiba wa samaki furu.

Alhamisi hiyo akaacha dagaa, akamfuata Nyamburi barazani.

"Mama Ghati, lile neno la mwenye mtumbwi, nilikusingizia."

"Najua. Nilijuaga tangu siku ile."

Radi ikapiga juu yao. Eufrasia akainua uso kwa matumaini.

"Siyo yako," Nyamburi alisema. "Ni yangu. Nimekuchukia miaka miwili." Akaweka ungo chini, akapiga magoti kwenye makapi ya mtama. "Nisamehe, Mama Evance."

"Nimekusamehe," Eufrasia akajibu. Bati likatulia.

"Na wewe, utasema kanisani?"

"Nitasema."

Jumapili kanisa lilijaa. Eufrasia alisimama mbele, akatazama dirishani. Nje kulikuwa kweupe, hata wingu la kusingizia halikuwepo. Akafungua mdomo, akaanzisha wimbo. Aliuanza juu mno, kwaya ikababaika. Kutoka benchi la mwisho, la waliotengwa, Nyamburi akaushusha mahali pake, na watu wote wakamfuata.

Baada ya ibada mchungaji alimshika Eufrasia mkono, akampongeza kwa wimbo mzuri.

"Asante, mchungaji," Eufrasia akasema.