Kopo Lililozibwa kwa Mapenzi

Pale hifadhi ya filamu walimwita Mzee Makopo, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Kwa miaka thelathini na moja aliyapangusa makopo ya mikanda kama mtu anayepangusa vyombo vya mkwe. Kopo moja alilipenda kuliko yote. Ndani yake mlikuwa na filamu ya dakika kumi na nane, ya kwanza kutengenezwa na wenyeji wenyewe. Nakala nyingine zote zilishapotea, ikabaki hiyo tu.

Basi aliitunza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na yeye aliziba kwelikweli: ndani mfuko wa nailoni, nje selotepu mizunguko mitatu. Aliogopa vumbi, aliogopa mende, aliogopa hata pumzi za watu. Hakulifungua tena.

Asubuhi moja akaja mwanamke wa makamo na barua mkononi. Tamasha la filamu za Waafrika, wa barani na wa ng'ambo, lilitaka kuisafisha filamu ile na kuionyesha upya. Lakini mwanamke mwenyewe barua hakuijali sana.

"Shikamoo, baba. Aliyeigiza humo ni mama yangu. Alifariki nikiwa na miezi minne. Nina picha yake moja tu, amekaa. Sijawahi kumwona akitembea."

"Marahaba, mwanangu. Leo utamwona," alisema mzee, meno yote nje.

Alikata selotepu kwa kisu. Kifuniko kilipoinuka, harufu ya siki ikawapiga puani. Wataalamu wapya walishamwambia Mzee Makopo kwamba mikanda ya zamani hutoa mvuke mkali, na mvuke ukikosa pa kutokea huula mkanda wenyewe. Aliwasikiliza kwa sikio moja. Watoto wa juzi wangemfundisha nini yeye?

Mkanda ulikuwa umegandamana ukawa bonge moja. Alibandua taratibu, akapata kipande kisichozidi urefu wa kiganja. Waliotumia mkanda mara ya mwisho hawakuurudisha mwanzo, kwa hiyo cha nje kilikuwa mwisho wa filamu. Mwanamke alikiinua dirishani, akafinya macho.

"Naona mlango tu."

"Ameshatoka," alisema mzee. "Nisamehe, mwanangu. Nimekupotezea mama kwa mikono yangu mwenyewe."

"Hukukusudia, baba."

Afadhali angemtukana. Mzee aliliangalia lile bonge, akatamani kulifunika tena, kana kwamba lingepona.

Mwanamke alikishusha kile kipande, akauliza, "Wewe ulimwona. Alikuwa anatembeaje?"

Mzee Makopo aliinuka, goti lake bovu likilia. "Kichwa juu. Mkono wa kushoto anautupa, hivi. Haraka haraka, kama amechelewa." Akatembea katikati ya rafu, akichechemea, akitupa mkono, mpaka mlangoni. Mwanamke alimfuata kwa macho, hakupepesa.

"Halafu?"

"Hapa aligeuka, akatutazama."

"Alitazamaje?"

Kabla ya kuliziba kopo, filamu ile aliiona zaidi ya mara arobaini, na uso ule angeutambua hata katika umati. Akageuka. Alijaribu kutabasamu, akaacha. Akakunja paji la uso, akaacha. Machozi yalianza kumtoka.

"Hapana," alisema. "Siyo hivi. Siyo hivi, mwanangu."