Mwenzake Havyarimana

Gari lililokwisha tumika mimi siliamini mpaka nizungushe magurudumu yake kwa mikono yangu. Injini iliyokufa nitaifufua, lakini difu, zile gia za nyuma zinazozungusha magurudumu, ikisagika, mwaka ule wa sabini na sita ungeipata wapi nyingine? Ndiyo maana Abdulrahmani, mfanyabiashara wa Kasulu mwenye haraka zake, alinichukua hadi Busunzu kukagua Landrova kuukuu aliyotaka kuinunua na kuitengeneza kwa ajili ya njia ya Manyovu.

Mwenye gari alikuwa mjane, Mama Immakulata, Mrundi aliyehamia huku kitambo. Mumewe, Havyarimana, alikuwa dereva wa misheni, na wazungu walipoondoka walimwachia gari hilo. Nikiwa natandika gunia bandani niingie uvunguni, mama akaniinamia.

"Fundi, ukiona humo kitu cha mwanamke, kitambaa, shanga, chochote, unionyeshe. Usinifiche."

Nikauliza kuna nini. Akanieleza bila haya. Katika safari yake ya mwisho, mumewe alikuwa akitoka Manyovu na galoni la mawese ya nyumbani. Alifika amechelewa, galoni tupu. Alipoulizwa, akacheka tu: "Nimempa mwenzangu. Yeye ndiye aliyenifikisha."

"Mwenzake gani, hakusema. Nikanuna, fundi. Homa ikamchukua nikiwa bado nimenuna. Siuzi kitu mpaka nimjue huyo mwenzake."

"Ya marehemu yaache," Abdulrahmani akaninong'oneza. "Kagua gari." Mimi ni mbea, sikuyaacha, lakini nilikagua.

Nikapiga jeki nyuma, nikatia gia. Propela, ile fimbo ndefu inayozungusha difu, niliitikisa, haikucheza. Ila gurudumu nilipolizungusha lilikuwa zito kama mwiko kwenye ugali ulioiva, na baridi ya asubuhi ilinikaza vidole.

"Difu imekufa. Twende zetu, bwana," Abdulrahmani akasema.

"Imekufa wapi? Meno yaliyovunjika hugonga. Hii haigongi."

Ilikuwa nzito mzunguko mzima, kimya kimya, kwa adabu. Jambo hilo lilinikera, kwa maana sikuwahi kuliona. Nikakataa kuondoka.

Tukala viazi na maharage. Mchana jua likaingia bandani, likapiga nyuma ya gari mpaka uvunguni. Nikaenda kulishika gurudumu kwa ubishi tu. Likazunguka laini, na lile la pili likazunguka kinyume chake, kama inavyotakiwa. Abdulrahmani akasema bismillahi na kurudi nyuma.

"Mama, nipatie beseni!"

Nikafungua nati ya chini ya difu. Oili ya gia ni nyeusi na inanuka vibaya. Hii ilitoka nyekundu, mabonge kwanza, kisha uji, na harufu yake ilinikumbusha jikoni kwetu. Nikachovya kidole nikaonja. Ndiyo, nilionja, nicheke ukitaka. Kumbe ni mawese, yaliyoganda kwa baridi na kuyeyuka kwa jua. Nikapapasa ndani na kukuta meno mazima kabisa. Chini ya difu palikuwa na ufa uliozibwa kwa kipande cha sabuni.

Nikamweleza mama nilichokiona. Oili ilimvujia Havyarimana njiani, akaziba ufa kwa sabuni, akamimina alichokuwa nacho. Bila hivyo difu ingesagika naye angelala porini.

Mama Immakulata akapiga magoti, akachovya kidole kwenye beseni. "Amamesa yanje," akasema polepole. "Mawese yangu." Akacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka, kisha akalia, na mimi nikaona uchungu nikageuza uso. "Si angesema tu kuwa ni gari? Nami si ningeuliza mara ya pili?"

Abdulrahmani, kwa furaha ya difu nzima, akanyoosha mkono kwenye beseni. "Haya tuyamwage. Nitatafuta oili mpya."

Mama akalivuta beseni kwake.

"Mrudishieni."

"Nani, mama?"

Akaweka kiganja juu ya tairi. "Huyu. Mpaka hiyo oili ipatikane, mrudishieni chake anywe. Ndiye aliyeniletea mume wangu nyumbani."